Jiwe la Mwalimu Kurashina

Mwalimu Kurashina alikuwa na mashairi elfu nane ya kuusifu Mlima Torigata, na kijiji kizima kilijua kwamba mlima wenyewe aliujua kupitia dirisha la choo chake tu.

Kila mwezi chama chao cha washairi kilikutana. Kila mtu alileta shairi lisilo na jina, karani akayanakili yote kwa mwandiko wake, nao wakayachambua kabla ya mwenyewe kujitaja. Mwezi huo Kurashina alishika karatasi moja, akabinua midomo, akasoma:

"'Theluji yako naikanyaga, nawe wanikanyaga.' Hebu niacheni! Huyu Torigata anausikia redioni tu. Hajapanda hata kichuguu!"

Wenzake wakacheka mpaka chai ikawapalia.

"Haya, mwenye nalo ajitaje, asione haya."

Bi Hatsue, mchuma uyoga, akainua mkono taratibu.

"Nimelileta mimi, Mwalimu, ila si langu. Nimelinakili kule juu, kwenye lile jiwe ulilochongesha miaka ishirini iliyopita, ukambebesha marehemu mume wangu na wenzake mpaka kileleni. Jina lako lipo chini yake. Limeota kuvu kidogo, nimekufutia."

Kurashina akakikunjakunja kile kikaratasi.

"Ah, hilo la zamani," akasema. "Siku zile nilikuwa sijakomaa."

"Sawa, Mwalimu," akajibu Bi Hatsue, akimwongezea chai. "Na tangu siku zile, umeshapanda?"