Pumzi ya Kinyozi

Mume wangu anapuliza. Miaka ishirini na sita ya ukinyozi, kila kichwa akikimaliza anainama, anakunja midomo na kupuliza nywele zilizobaki shingoni kwa mteja: fuu! Watoto wanacheka, wazee wanafumba macho. Mtaani wanamwita Mkono Mwepesi, lakini mimi naujua zaidi mdomo wake.

Janga la korona lilipoingia nilimnunulia burashi laini, nikaifunga kwa uzi kwenye kioo cha saluni yake, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Akavaa barakoa, akabakiza kiti kimoja, akafungua dirisha. Nilimsifu. Ila jambo moja lilinichemsha damu: sindano ya nyongeza. Mbili za mwanzo alichoma bila neno, ya tatu akawa anaipiga kalenda.

"Mkono unauma siku mbili nzima, mama watoto," alisema. "Jumamosi nitanyoaje? Unataka nimchinje mtu?"

Ingekuwa shauri lake, kama si baba yangu. Baba ana miaka themanini na mbili, alikuwa mwalimu mkuu, na kifua chake ni kibovu tangu ujana. Anakaa nasi, chumba cha nyuma, na mlango wake uko pale ilipo cherehani yangu. Kila anayeingia kwake lazima anipite, na mimi nakagua barakoa na mikono. Majirani wakaanza kuniita Bi Mpakani. Nilifurahia, sifichi.

Jumatano ile nesi wa zahanati alikuwa apite nyumba kwa nyumba kuwachanja wazee wasioweza kutoka. Saa tatu asubuhi baba akagoma.

"Simpokei mgeni na ndevu hizi."

"Baba, ni nesi, si mkaguzi wa shule."

"Hata mkaguzi hakuwahi kunikuta hivi."

Nikamwita mume wangu. Akaja na mashine, beseni na kitambaa. Kumnyoa mkwe ni kazi anayoifanya kwa adabu ya ajabu: anaomba ruhusa kushika kidevu, kila mara, kama ndiyo siku ya kwanza. Barakoa ilikuwa inamtia ukungu kwenye miwani, akaishusha ili aone chini ya sikio. Mimi nilikuwa napitisha uzi tunduni. Nilipoinua macho, alikuwa ameinama juu ya shingo ya baba, midomo imekunjwa.

Fuu!

Nilipiga ukelele. Mume wangu akaganda, na burashi iko kule mbele inaning'inia kwenye kioo, safi kabisa.

"Mdomo umenitangulia," alisema. Baba akacheka.

Saa nne nesi akaja. Aliuliza kadi ya chanjo ya baba, nikasema sijui nimeiweka wapi. Akamwandikia kikaratasi kipya, akamchoma, akamsifia kidevu.

Jioni mume wangu akaanza kukwaruzwa na koo. Alhamisi asubuhi akapimwa. Majibu yakasema anao ugonjwa.

Nilimtolea uvivu. "Umempulizia baba yangu kifo shingoni, kwa ajili ya Jumamosi!" Akajifungia saluni, akatandika godoro chini ya kioo, na chakula nikawa nakiacha mlangoni. Kisha nikampigia nesi, roho mkononi.

"Si jana tu umemchoma? Haimkingi?"

"Mwili unataka kama wiki mbili kujenga kinga mpya, mama. Zile mbili za mwanzo bado zinamsaidia, ila kwa umri wake nguvu yake imeshashuka. Tumwangalie kwa karibu."

Akaniletea kibanio kidogo cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Ikishuka chini ya tisini na nne, nipige simu bila kungoja.

Ijumaa ilikuwa tisini na saba. Jumamosi, ileile Jumamosi iliyogombewa, saluni imefungwa, tisini na sita. Jumapili baba akakohoa, kikohozi kidogo cha mtu anayeomba radhi. Jumatatu tisini na tano. Nilishona kola huku nikisikiliza pumzi zake nyuma ya pazia. Zikikawia kidogo tu, mguu wangu uliganda kwenye kanyagio. Nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa. Na kila nilipopita mlango wa saluni nilikuwa na neno la kumtupia mume wangu.

"Tisini na tano, Mkono Mwepesi! Umesikia?"

Alisikia. Alikuwa anakohoa huko ndani.

Jumanne saa nane mchana namba ikasoma tisini na moja. Nikakipangusa kibanio, nikajaribu kidole kingine. Tisini.

Nesi alifika kabla ya gari la wagonjwa. Alimkalisha baba vizuri kwenye mito, kisha akanigeukia. "Hospitali watataka kadi yake. Safari hii itafute kweli."

Nikajifanya nafungua kabati. Baba akavuta pumzi, akainua kidole kuelekea cherehani.

"Droo," alisema. "Chini ya vifungo."

Nesi akaitoa mwenyewe, akaisoma. "Tarehe ya nyongeza ni wiki tano zilizopita. Mbona hakuletwa?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango wa saluni, imekwaruzika.

"Ni mimi, dada. Nilisema tungoje. Nilikuwa na wateja wengi."

Ningeweza kunyamaza. Siku sita nilikuwa nimemtwisha kila kitu, na hili nalo alikuwa analipokea.

"Anadanganya," nilisema. "Ni mimi. Zahanati walipiga simu nikawaambia wiki ijayo. Nilikuwa na sare sitini za shule za kumaliza. Wiki ikapita, nikaifunika kadi nisiione." Nesi hakunigombeza. Aliandika, gari likapiga honi nje, wakambeba baba.

Alikaa hospitali siku kumi na moja, mrija puani. Alirudi mwembamba, ndevu zimemfunika mashavu, na neno lake la kwanza lilikuwa kinyozi yuko wapi. Mume wangu alikuwa amepona. Akavaa barakoa hadi chini ya macho, akamkalisha kwenye kiti cha saluni, akaomba ruhusa, akanyoa. Alipomaliza, baba akainamisha shingo na kufumba macho, akingoja.

Mume wangu akanitazama. Nikaifungua burashi kwenye kioo, nikamfuta baba mimi mwenyewe, polepole, na machozi yakanitoka.

"Nisamehe, baba. Ile kadi."

"Nilikuona ukiifunika na vifungo," alisema, macho bado amefumba.

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ulikuwa na sare sitini, mwanangu. Sikutaka kuwa ya sitini na moja."