Siku Chwaka Ilipohamia Baharini

Nyumbani sijamwambia mtu: leo nimeitupa Chwaka nzima baharini. 🙈

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kuchora ramani. Faili la vimo vya ardhi, vilivyopimwa na rada ya setilaiti, lilikuwa na jina la namba tupu. Nikalipa jina zuri: "Chwaka kwa Bibi".

Programu ikakataa kulifungua.

Nikarudisha namba kwa kukumbuka. Nikakosea moja. Kijiji cha Bibi kikatokea katikati ya maji!

Bi Zuhura, anayenifundisha, akachungulia.

"Mwanangu, Chwaka imekwenda kuvua?"

Nikataka kulia. Yeye akacheka. Kumbe faili lenyewe lina vimo tu. Mahali penyewe, programu hupajua kwa kuzisoma zile namba za jina.

Nikazitafuta mwenyewe, nikasahihisha. Chwaka ikarudi pwani!

"Uje na kesho," akasema. "Kazi umepata."

Jamani, nafurahi! Ila Bibi asijue nyumba yake ilishinda wapi.