Jembe la Mngoni na Fuawe la Romani

Kabla Romani hajakutengenezea jembe, ilikuwa lazima kwanza ulime mbele yake. Nyuma ya karakana yake hapa Makambako, upande wa kuelekea relini, ana kipande cha ardhi kisichozidi vitanda viwili vya kulalia. Hakijawahi kuotesha kitu cha maana. Kwa miaka karibu hamsini kimelimwa na wanawake waliotoka Njombe, Wanging'ombe na hata Makete, kila mmoja mistari mitatu au minne, huku Romani amekaa juu ya gurudumu bovu la lori akiwatazama miguu.

"Miguu?" mwanamke mgeni alikuwa akiuliza. "Mimi nalima kwa mikono, babu."

"Mikono inadanganya. Ikiona inatazamwa inajifanya hodari. Miguu haijui kama kuna mtu."

Kwa jinsi mguu ulivyotangulia alijua kama mama yule anatumia mkono wa kushoto, kama shamba lake liko mlimani au bondeni, na kama amezoea kulima na mtoto mgongoni, hata siku aliyomwacha mtoto nyumbani. Hapo ndipo alipowasha moto. Baada ya siku tatu mama alikabidhiwa jembe ambalo jirani yake hakuweza kulitumia, na hiyo ilikuwa faida nyingine, maana halikuazimwa.

Romani ni Mpangwa wa Mawengi, huko Ludewa. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake alikuwa mhunzi, katika ukoo uliokuwa ukiyeyusha mawe ya chuma zamani, kabla hatujaambiwa kwamba sisi hatukuwahi kuwa na viwanda. Alifika Makambako kijana, reli ilipokuwa ikijengwa. Alibeba mataruma ya reli kwa miezi sita, akaona ni kazi ya kubebea watu wengine safari, akaiacha. Akarudi Mawengi kulichukua fuawe la baba yake, kile chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake. Yeye na kaka yake walilining'iniza kwenye mti wa kubebea, wakalibeba begani hadi Njombe kwa siku nne, na kutoka hapo likaja huku kwa lori. Romani anasema bega lake la kulia mpaka leo liko chini kuliko la kushoto. Mimi, jirani yake, nimelipima kwa macho mara nyingi na sioni tofauti, lakini sijamwambia.

Kisha yakaja majembe ya dukani. Yamepangwa kwenye rafu, yote sawa, yametengenezwa na mtu asiyekujua kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Wanawake waliyanunua, na siwalaumu, maana ni rahisi na hakuna mzee wa kukutazama miguu. Romani akabaki na kunyoosha stendi za pikipiki. Baadaye vijana wa kuchomelea kwa umeme wakamnyang'anya hata hizo. Mwaka huu, mwezi wa sita, alimwambia Methusela, mnunuzi wa vyuma chakavu, aje Jumamosi saa sita mchana alichukue lile fuawe. Yeye angerudi Mawengi kwa binti yake Ema, akae jikoni aote moto kama paka.

"Uza hata mabati ya paa kwanza," nilimwambia.

"Nikiuza mabati, fuawe litanyeshewa," akanijibu. Hoja yake sikuielewa, lakini macho yake niliyaelewa.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo akaja dereva na barua. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa inabuni jembe jipya la kuchimbia viazi, na ilitaka wakulima na mafundi waje kwenye ukumbi wa hoteli moja Njombe kutoa maoni. Romani hakutaka kwenda. Nilimsukuma mimi, kwa sababu gari lilikuwa na nafasi na barua ilitaja chai.

Ukumbini tulimkuta binti anayeitwa Eveline, mwenye sweta jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Ndiye aliyelichora hilo jembe. Alishika kipaza sauti akasema kwamba wengi hukosea kwa kutengeneza kitu kwanza na kumuuliza mtumiaji baadaye. Wao walitaka mtumiaji awemo tangu mwanzo, kabla kiwanda hakijaanza. Akasema hiyo ni mbinu mpya.

Nikamtazama Romani. Alikuwa anatazama dari. Jambo alilolifanya kwa gurudumu bovu miaka yote hiyo lilikuwa limepata ukumbi, kipaza sauti na vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani.

Sampuli ikatolewa kwenye boksi. Ilikuwa na meno matatu, mpini mrefu wa bomba la chuma na kikanyagio cha kusukumia kwa mguu, na yote imepakwa rangi ya kijani inayong'aa. Wanawake kumi na wawili wa kikundi cha Vestina walipokezana ile sampuli kama kichanga cha jirani, na kila aliyeipakata aliisifu. Vestina mwenyewe, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisema kwamba tangu azaliwe hajaona jembe zuri namna ile. Wakapewa karatasi waweke alama, moja hadi tano. Wote waliweka tano. Telesia, ambaye alikuwa amezipenda sana sambusa za chai, aliuliza kama inaruhusiwa kuweka sita.

Eveline akashukuru. Akaeleza kwamba kama zingepatikana kasoro, ofisi ingetengeneza majembe arobaini ya majaribio kwa fundi wa hukuhuku. Lakini kwa kuwa kila mtu ameridhika, Jumatatu michoro itakwenda kiwandani moja kwa moja.

Romani aliacha kutazama dari.

Alimkamata Vestina mlangoni. "Vestina, kweli utachimbia viazi kwa bomba lile kwenye baridi ya mwezi wa saba?"

"Babu, una wazimu? Lile ni la kukomea mlango."

"Mbona umempa tano?"

"Mgeni katoka mbali, katulisha, nimwambie mtoto wake ana sura mbaya?"

Huo ndio uungwana wa watu wa nyanda hizi, na siku ile ulikuwa unakwenda kumfungia Romani karakana.

Ijumaa asubuhi tukamwona Eveline anashuka barabarani na sweta lake, anauliza kwa mzee Romani ni wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Sijapotea. Jana ulikuwa unatazama dari. Watu kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Hata mama yangu mzazi hanipendi kiasi hicho. Nimeshindwa kulala."

Romani akampa kigoda. Akamuuliza kwao wapi.

"Dar es Salaam."

"Dar si kwao mtu. Babu yako kazikwa wapi?"

"Songea. Upande wa Namtumbo."

"Ninyi ni kabila gani?"

"Wangoni. Lakini mimi hata lugha sijui..."

Hakumaliza. Romani alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikampigapiga mgongoni.

"Jana ukumbini mbona hukusema?"

"Nilijitambulisha, mzee. Nilisema cheo changu."

"Cheo! Nani alikuuliza cheo?"

Siku hizi kijana akisikia utani anadhani ni vichekesho vya kwenye simu, kwa hiyo nieleze. Wabena, ndio sisi na kina Vestina, walipigana na Wangoni zamani. Walipochoka wakaugeuza ugomvi kuwa utani, na utani ulikuwa na sheria kuliko mahakama. Mgeni unamsifu hata akikuletea jiwe ule. Mtani unamwambia kila kitu, kuanzia pua yake hadi mapishi ya bibi yake, na kitu chake ukikipenda unakichukua. Yeye haruhusiwi kununa wala kukidai. Tulikuwa tunazikana hivyo na kuozana hivyo. Sasa watu wanajitambulisha kwa vyeo.

Romani akampigia simu Vestina. "Yule binti wa sambusa," akasema, "ni Mngoni." Simu ikatoa kelele ambayo mimi niliisikia nilipokaa. "Kesho mkileta viazi sokoni, piteni hapa. Njoo na debe moja."

Eveline akauliza kuna nini kesho.

"Njoo na daftari," Romani akamwambia. "Lete na lile jembe lako. Na usilie."

Jumamosi kulikuwa na umande mweupe kama chumvi. Wanawake walifika kabla jua halijapasha, na mara hii hawakusalimia kwa upole. Vestina aliingia kiwanjani anaita.

"Yuko wapi huyo Mngoni? Kumbe nilikula sambusa za adui!"

Eveline alisimama na daftari lake kifuani. "Karibuni, mama zangu..."

"Mama zako wako Songea wanakula panya! Lete hilo bomba lako."

Vestina akamwaga debe la viazi kwenye kile kipande cha ardhi, wenzake wakavifukia upande unaopanda kwenye tuta la reli, akamkabidhi Eveline lile jembe lake la kijani. "Chimba. Babu zako walikuja na mikuki kutuchukulia ng'ombe. Wewe umekuja kutuchukulia migongo. Tuonyeshe."

Romani alikuwa ameshakaa kwenye gurudumu lake, anatazama miguu.

Eveline alishika bomba, akaliachia papo hapo kama limemng'ata. Baridi ya usiku kucha ilikuwa ndani ya chuma kile. Akavuta mikono ya sweta, akashika tena. Alipokanyaga kikanyagio kwenye ule mteremko, mguu uliteleza. Alipovuta, ncha ya ule mpini mrefu ikamchoma tumboni.

"Mwenye mimba angezaa hapohapo!" Telesia akapiga kelele. "Mngoni, ulimpima nani ulipochora mpini huo? Twiga?"

"Na akiwa na mtoto mgongoni, hicho kikanyagio atakikanyaga kwa mguu wa nani?"

"Ngojeni, ngojeni," Eveline akasema. "Semeni polepole, naandika."

"Andika na hili. Nani alikutuma upake rangi ya kijani? Nikilitua katikati ya majani ya viazi nitalipata lini? Krismasi?"

Jembe lilitoka ardhini na viazi vitano vimechomwa kwenye meno, kama mishikaki. Wanawake walicheka wakakaa chini. Vestina alikiinua kimoja, akakinusa, akampelekea Eveline puani.

"Hiki mnunuzi atakirudisha. Kikioza kinaoza na wenzake gunia zima. Meno yako ni makali na yamebanana mno, udongo wetu unanasa humo. Kiazi ukifukue taratibu, mwanangu, usikichome kama adui. Au Wangoni mnachoma kila kitu?"

Niliona macho ya binti yamejaa maji, nikadhani ndiyo basi. Lakini aliyafuta kwa mkono wa sweta, akageuza ukurasa, na akasema, "Juzi nilipewa sita."

"Nilikuwa na njaa!" Telesia akajibu, na hapo hata yeye Eveline akacheka, akacheka kweli, mpaka akalazimika kuliegemea jembe lake, nalo likazama kwenye tope.

Aliandika kurasa tatu. Kisha akasogea pembeni na simu, tukasikia anabishana na mtu wa ofisini. Hapana, hakuna kilichoharibika. Ndiyo, michoro isiende Jumatatu. Ndiyo, arobaini. Fundi yupo, nimesimama kwake. Alipokata simu alimgeukia Romani, lakini Romani alikuwa amekwisha inuka na alikuwa anapuliza makaa.

"Mwanangu, wewe unatanguliza mguu wa kushoto," alisema bila kugeuka. "La kwanza nitalifua la kwako. Mpini wa mti. La pili la Vestina, na hayo mengine kila mwenye jembe lake aje alime hapa. Sitaki orodha ya majina. Nataka miguu."

Baadaye ofisi yao ilileta ripoti yenye picha. Nimeisoma yote, maana mimi kilichoandikwa nasoma hata kama ni mfuko wa saruji. Kile kipande cha ardhi kimepewa jina refu la kitaalamu, na Romani anatajwa mara moja, kama mdau. Nilitaka kuandika barua ya malalamiko. Yeye alisema karatasi ile ni nzito na inashika moto vizuri.

Jumamosi ileile, saa sita mchana, Methusela akatokea na mkokoteni wake. Akasimama mlangoni. Fuawe lilikuwa mahali pake, na juu yake kipande cha springi ya lori kilikuwa chekundu, kinapigwa.

"Mzee, tulikubaliana."

"Tulikubaliana, na samahani. Sasa lina kazi arobaini."

"Nimesukuma mkokoteni kutoka sokoni mpaka hapa. Nirudi mtupu?"

Kabla Romani hajajibu, Vestina alilichomoa lile jembe la kijani kwenye tope, akaligonga mara mbili kwenye jiwe kudondosha udongo, na akaliweka juu ya mkokoteni pamoja na kiazi kimoja kilichokuwa bado kimechomwa jinoni.

"Mama!" Eveline akaruka. "Hilo ni mali ya ofisi! Liko moja tu!"

"Mngoni," Vestina akasema, akifungasha debe lake, "lilikuwa."

Methusela aliliinua, akalipima uzito mkononi, akatikisa kichwa. Akachomoa kile kiazi akakitia mfukoni, na akaondoka na mkokoteni wake.

Eveline akatutazama mmoja mmoja kutafuta atakayemtetea. Nikatazama mabati ya paa, kama Romani na dari yake.