Aliyechaguliwa na Mke wa Mwanangu

Mke wa mwanangu alikataa kurudi hospitali. Mtoto wa kwanza alimzaa huko salama, lakini alikuwa peke yake chumbani, mimi nimezuiwa mlangoni, na hofu ya siku ile haikumtoka. Mimba ya pili ilipokaribia kutimia alisema atajifungulia nyumbani. Damu yake ilikuwa pungufu, na mkunga alikwisha kutuonya juu ya hilo.

Sikumbishia. Tulipomaliza kusali nilimuuliza, "Mwanangu, nani akikaa kando yako utakubali kwenda?"

"Usinikasirikie, Mama. Rafiki yangu wa Nainokanoka."

Walikua pamoja kwenye boma moja la Kimaasai huko milimani, kabla mwanangu hajamwoa. Kwetu Wairaqw mama mkwe ndiye husimamia uzazi. Lakini hata Bwana, saa yake ilipofika kule bustanini, aliwachagua wanafunzi wa kukesha naye. Basi na huyu binti achague.

Magari ya kushuka kutoka Nainokanoka ni machache, hivyo nilimwita rafiki aje mapema. Alikuja na kibuyu cha maziwa, akawa analala jikoni kwangu penye joto. Jirani akanicheka kwenye uzio.

"Mama mkwe, mikono imekatika? Hadi unaazima Mmaasai!"

"Mikono ipo," nikamjibu. "Itabeba mtoto."

Uchungu ulianza asubuhi, tukaenda hospitali. Muuguzi alisema siku hizi mmoja anaruhusiwa kuingia, akatazama mvi zangu. "Bibi, karibu."

"Anaingia huyu," nikasema, nikamsogeza rafiki mbele.

Nilikaa kwenye benchi na chupa ya uji. Dirishani nilisikia Kimaasai, lugha ambayo mkwe wangu haitumii nyumbani kwetu. Walitaniana, hata wakacheka. Kikaja kilio, na juu ya kilio sauti ya rafiki ikiimba taratibu, ikimwita Enkai, Mungu yule yule ninayemwomba mimi. Nikaanza kushukuru kabla ya kuambiwa lolote.

Mchana mtoto akalia. Rafiki alitoka amelowa jasho, mkono wake una alama za kucha.

"Koko," akaniita, yaani bibi kwa Kimaasai, "wote wazima. Anakuita umbebe mjukuu wako."

"Kaa kwanza." Nikammiminia kikombe cha kwanza cha uji.

"Ninywe kabla ya mzazi?"

"Chake kipo. Kunywa, hujala tangu asubuhi."

Alipomaliza nusu, nikanawa mikono, nikaingia.