Maandishi ya Aliyekaa Kitini

Juzi nilikuwa Kisongo, nasubiri gari la kunipeleka Monduli, na gari lenyewe halikuwa na haraka. Unanijua, kukaa bure siwezi. Nikaingia kwenye duka moja la stesheneri kando ya barabara, nikaomba kompyuta nisome barua pepe zangu. Kijana wa pale akaniamkia vizuri tu, nikaitikia, akanionyesha kiti. Nikafungua ukurasa mmoja, nikataka kurudi ule wa nyuma, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufutia. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

"Mama, hicho hakirudishi," kijana akasema, macho kwenye simu yake. "Bonyeza mshale wa pale juu."

"Kilikuwa kinarudisha."

"Lini hiyo?"

"Kabla hujazaliwa."

Akacheka, akaniambia walikiondolea kazi hiyo kwa sababu watu walikuwa wanapoteza walichoandika. Najua. Mimi nimepoteza barua nzima nzima kwa kitufe kile, na sikumwomba mtu yeyote anilinde nacho. Maandishi nayo yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, nikaanza kutafuta mahali pa kuyakuzia. Hapo ndipo kijana aliposimama.

"Mama, tafadhali. Usiguse setingi."

Maneno hayo hayo, rafiki yangu. Nilikuwa sijakutana nayo tangu Ngarenaro, mtaa wetu wa mjini, nikiwa msichana mwenye magoti yenye vumbi, na yaliponiingia sikioni nilisikia pia nyundo za mafundi bati na harufu ya tangawizi ikichemka.

Asubuhi ya Ngarenaro ilianza kwa nyundo. Kabla jua halijapanda, Mlima Meru ukiwa bado wazi juu yetu bila wingu hata moja, mafundi walikuwa wameshaanza kukunja mabati, na mtu wa kulehemu alikuwa akirusha cheche barabarani. Mama yangu alikuwa na kibanda cha chai. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kutwanga tangawizi na kukanda unga wa mandazi, na mpaka leo nikinusa tangawizi mbichi vidole vinajikunja. Kibanda hakikuwa na kuta nne. Kilikuwa na tatu, na wa nne ulikuwa ukuta wa duka la Mangi, ambalo tuliliegemea kwa hisani yake.

Mangi si jina lake. Kila mwenye duka aliyetoka Kilimanjaro tulimwita hivyo, naye aliitikia. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, milango ilipofunguliwa na vitu vikaingia kwa mpigo: mitumba, redio mpya, sabuni za kila rangi. Mangi alikuwa anauza spea za magari. Siku moja akaziondoa feni belti zote ukutani, akaleta kompyuta kupitia mpaka wa Namanga, akaandika INTANETI kwenye mlango kwa rangi iliyobaki alipopaka geti. Harufu ya grisi haikuondoka. Mashine ikianza kuunganisha ilitoa mlio wa mbuzi aliyebanwa mlangoni, kisha mlio wa mvua juu ya bati, halafu kimya, na ndani ya kimya kile dunia ilikuwa imefika Ngarenaro.

Mangi alikunywa chai yetu kutwa, na kwa sababu hiyo aliniachia mashine ya dirishani mchana, wateja wakienda kula. Watoto wengine walitaka picha za wanamieleka, na picha ilishuka polepole, nywele kwanza, paji la uso, macho, hadi muda unakwisha kabla ya mdomo. Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilikwenda kwenye zile menyu za juu nikabonyeza kila mstari kuona utafanya nini. Lile dirisha siku hizi linaitwa kivinjari. Sisi tuliliita intaneti, tukidhani ndiyo yenyewe. Niligundua kwamba unaweza kuliambia lisilete picha kabisa, na ukurasa ukaja mbio. Unaweza kuchagua ukurasa gani ukupokee mlangoni. Kontroli na F zilinusa neno moja katikati ya maelfu kama mbwa aliyeonyeshwa kiatu. Kitufe cha kufutia kilikurudisha ulikotoka. Na kulikuwa na mahali pa kuchagua ukubwa wa maandishi, kutoka madogo kabisa hadi makubwa kabisa, kama sufuria zilizopangwa kwenye kichanja.

Nilishangaa mtu wa mbali, asiyenijua, alifikiria kwamba huenda nikapenda tofauti na wenzangu. Shuleni hakuna aliyewahi kufikiria hivyo. Mwalimu wetu alikuwa na kauli yake kwa kila aliyeshika kitu: "Kisichokuhusu, mikono nyuma!" Mangi naye alibandika karatasi juu ya kila mashine: USIGUSE SETINGI. Nilikuwa naisoma karatasi ile huku mkono ukitembea.

Sasa nikueleze habari ya bibi, mama yake mama. Tulimwita Koko, kama wanavyoita bibi watu wa kwetu upande huu wa mlima. Alikaa Kisongo na ng'ombe wake, na siku ya Jumamosi alikuja mjini na kibuyu cha loshoro, mahindi na maziwa mgando, chakula ambacho mimi mtoto wa mjini nilikikunjia uso na leo ningekifuata kwa miguu. Mjomba, mwanawe wa mwisho, alikuwa amekwenda nchi ya mbali kutafuta kazi. Aliandika kupitia anwani ya Mangi, na Mangi alikuwa hajapata printa, hivyo barua zikawa na desturi yake. Jumamosi familia inasimama nyuma ya kiti, Mangi anakaa, anakohoa, anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Na kila aliyekuwa mle ndani, fundi, mpiga debe, mwongoza watalii, alisikia mjomba amekula nini na anaumwa wapi.

Koko alisikiliza ameinamisha kichwa. Jumamosi moja alimkatiza.

"Mwanangu hasemi hivyo."

"Mama, nasoma kilichoandikwa."

"Hawezi kunisalimia kwa Kiswahili kitupu. Kuna maneno umeyaruka."

Mangi akajikuna shingo. Kuna maneno ya Kimaa pale, akasema, hayatamkiki, lakini ni salamu tu.

"Salamu tu!" Koko akarudia, akachukua fimbo yake.

Jioni kibandani mama alijaribu kutuliza mambo. "Yeyo," akamwita mama yake kwa Kimaa, "nitakusomea mimi."

"Wewe utachuja, kama chai. Likiwepo baya utalibakiza kwenye kichujio." Akaonyesha macho yake. "Nilijifunza kusoma kanisani kabla hujazaliwa. Biblia yangu naisoma. Nataka barua ya mwanangu iniingie kwa macho yangu, isipite kinywani mwa mtu."

Biblia yake ilikuwa na maandishi mapana. Ya kwenye kioo yalikuwa sisimizi. Mimi nikasema, "Koko, yanakua."

Koko alilala kwetu, na mchana uliofuata, Mangi akiwa amekwenda kula, nilimwingiza. Ilichukua muda kumfikisha kitini, maana kwa watu wa kwetu mtoto hamsalimii mzee kwa mdomo tu. Anainamisha kichwa aguswe utosini. Kila kijana wa kwetu aliyekuwa mle alisimama, akaja kuinama, na Koko aligusa kila kichwa bila haraka huku saa ya mashine ikikimbia. Kisha akakaa. Nikafungua barua, nikaenda kwenye menyu, nikachagua ya mwisho kabisa.

Maandishi yakavimba. Maneno machache tu yakabaki kwenye mstari, mazito, meusi. Koko akasogeza uso, akarudi nyuma, akatulia. Midomo yake ikaanza kutembea bila sauti. Nilijifunza kusukuma ukurasa kwa kasi ya midomo ile. Mahali fulani katikati ikasimama, na Koko akacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kama cha msichana.

"Amesema nini, Koko?"

"Ameniambia mimi."

Basi.

Nilimsindikiza nje, na mashine nikaiacha ilivyo. Mwongoza watalii akakaa baada yetu, akapiga kelele kwamba mashine inaumwa, maneno yamefura. Mangi alipofika alinikuta nakuna nazi kibandani.

"Umeniharibia mashine!"

"Sijaharibu. Nimechagua."

"Umechagua! Wewe nani uchague? Mashine ni za watu wote, lazima zifanane! Usiingie tena kwangu. Na bibi yako atasomewa kama wanavyosomewa wenzake."

Mama akanitazama kwa macho ya kuniomba. Ukuta wetu wa nne ulikuwa wake. Akanivuta pembeni, akanong'ona niombe radhi, maneno mawili tu. Sikuomba. Sijaomba mpaka leo, na Mangi angefufuka akaja kunidai nisingempa.

Jumamosi ikafika, na barua mpya ilikuwa imefika nayo. Koko alikuja na kibuyu chake. Nikamweleza kila kitu, akakiweka kibuyu chini, akaingia kwa Mangi. Mimi nikasimama kwenye kizingiti, vidole vya miguu nje kabisa ya mstari. Koko alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, kiti cha msomaji, akakaa yeye.

Mangi, uzuri wake, alikuwa mtu wa adabu, na Koko alikuwa umri wa mama yake. Akainuka, akamwamkia kama alivyomwamkia siku zote.

"Shikamoo, mama."

Koko akatazama kioo.

Mangi akadhani hakusikika. "Mama, shikamoo!"

Kimya. Na si kimya cha mtu mmoja. Aliyekuwa anaandika aliacha kuandika. Wewe umekulia huku, huhitaji kuelezwa: mtu mzima akikunyima marahaba mbele za watu amekuacha umesimama na mikono mitupu, huwezi kwenda mbele wala kurudi. Nje nyundo zilikuwa zinaendelea, ndani hata panga la feni lilionekana kuzunguka kwa aibu.

"Mangi," fundi mmoja akasema kutoka pembeni, "nadhani salamu yako imekwama kwenye foleni."

"Hebu nyamaza wewe." Jasho lilikuwa limemtoka. Akainama karibu na kiti. "Mama, nimekukosea nini? Barua nitakusomea, tena bure."

Koko akasema, bila kumgeukia, "Nani amekaa kwenye kiti hiki?"

"Wewe, mama."

"Macho ya nani yanatazama?"

"Yako."

"Basi maandishi yawe ya aliyekaa kitini. Nikiinuka, atakayekuja ataweka yake. Mikono anayo."

"Mama, kila mtu akiweka yake, duka litakuwa fujo."

Koko akanyamaza tena. Mangi akajaribu mara ya mwisho, kwa sauti ya chini, sauti ya mtoto. "Shikamoo, mama." Haikujibiwa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, na nilijua anauwaza ukuta. Nilingoja anirudishe nyuma. Mkono ule ukanisukuma mbele, kidogo tu, hadi vidole vyangu vikavuka kizingiti.

Mangi akaniona. Alinitazama kwa hasira kwanza, halafu kwa uchovu. "We mtoto," akasema. "Njoo umwekee maandishi yake."

Nikaenda. Menyu, mstari, ya mwisho kabisa. Maneno yakavimba. Hapo ndipo Koko alipogeuka, akamtazama Mangi kwa upole wote wa dunia.

"Marahaba, baba. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Duka zima likapasuka kwa kicheko, Mangi naye akacheka, nusu.

Tangu siku ile zile karatasi zilibaki ukutani na hakuna aliyezitii. Mwenye gereji alizima picha zake. Mwongoza watalii alitaka ukurasa wa mpira umpokee. Kila aliyekaa alikuta mambo ya mwenzake, akalalamika, akajifunza kuweka yake. Duka likawa fujo, Mangi alisema kweli. Ilikuwa fujo nzuri kuliko usafi wote niliouona baadaye. Kibanda chetu hakikung'olewa. Chai iliendelea kunywewa.

Mimi shule iliniishia kidato cha pili, au mimi niliiishia. Mwalimu alimwambia mama kwamba sitafika popote kwa kugusagusa. Nimefika pengi. Nimelala kando ya ziwa Momela nikisikia viboko, nimekaa Namanga, Tanga, Tunduru, na kila mashine niliyoketi mbele yake, kitu cha kwanza ni kuipanga inifae.

Duka la Mangi sasa ni ghorofa lenye vioo vya buluu. Mangi hayupo, mama hayupo, Koko hayupo. Kampuni iliyotunza zile barua ilifungwa, anwani ikafa nayo, na maneno ya Kimaa aliyoandika mjomba yamekwenda mahali ambapo hata kontroli na F haiwezi kuyanusa. Mjomba mwenyewe alirudi mzee, nikamuuliza aliandika nini kilichomchekesha mama yake. Akasema hakumbuki. Hicho kinaniuma, sitakuficha. Ila siku hizi wanakuja watu na kusema wameshatupangia kila kitu vizuri, wameondoa kitufe tusijiumize, wameficha menyu tusichanganyikiwe, tukae tu, tusomewe. Hapana. Mimi nilimwona mwanamke akikataa kusomewa.

Kwa hiyo pale Kisongo nilitafuta menyu ya kukuzia maandishi. Wameificha ndani, chini ya vidoti vitatu, lakini bado ipo. Nikakuza maandishi mpaka yakajaa kioo.

"Mama, jamani," kijana akasema, "bosi atanigombeza. Yarudishe kama yalivyokuwa."

Sikugeuka.

Alikuwa kijana mwenye adabu, nilimwonea huruma kidogo. Akasogea, akashusha sauti, akajaribu njia aliyoijua. "Mama, shikamoo tena."

Nje gari la Monduli lilipiga honi. Nikaliacha lipige. Nilikuwa nasoma.