Kununua Pikapu Ukunda, Kuijaribu Kwale

Mimi napika harusini. Sufuria zangu za pilau mtu mzima anaweza kuoga ndani, na nikienda kazini naenda na mafiga ya chuma, magunia ya mchele na wanawake sita wenye sauti. Mwezi wa Mfungo Sita gari nililokodi kutupeleka Ramisi halikutokea. Bibi harusi akaolewa, wageni wakikodolea macho masinia matupu. Nikaapa kwamba sitapika tena harusi ya mbali mpaka niwe na gari langu.

Tuliondoka Msambweni asubuhi. Nasema tuliondoka kwa sababu wifi yangu Mwanasiti, dada mkubwa wa mume wangu, alijialika. "Wewe ukikipenda kitu huoni tena," aliniambia akijifunga leso. "Acha niende na macho yangu." Jirani anayepeleka madafu kwenye hoteli za Diani akatupa lifti. Kutoka Gazi hadi Mwabungo sikuona minazi wala watu. Nilikuwa nimeinamia simu, nikitazama picha ya pikapu nyeupe iliyotangazwa kwa bei ya kuchekesha. Nilikuwa nimeshachagua hata maneno ya kuandika ubavuni.

Ukunda, kwenye yadi ya magari, tulipokewa na muuzaji mwenyewe, Rama, kijana mtanashati ambaye manukato yake yalitusalimu kabla yake.

"Karibuni sana, mama zangu. Ile ya kwenye picha imeondoka jana. Lakini Mwenyezi Mungu hakunyimi kitu ila amekuwekea kilicho bora."

Kilicho bora kilikuwa pikapu ya kijivu, imeoshwa ikameta, bei yake imepanda ngazi mbili juu ya ile ya kwenye picha. Wifi akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mbona moto?"

"Nimeipasha kidogo, mama, isije ikawasumbua kuwaka."

"Gari si mchuzi, mwanangu."

Rama akacheka, akaendelea kuisifu. Ilikuwa ya daktari mmoja mzee, alisema, aliyeitoa siku ya Ijumaa tu, nyumbani hadi msikitini na kurudi. Wifi akachungulia ndani, akaiona siti ya dereva iliyotoboka hadi sponji. "Ijumaa zote hizo!" akasema.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaipenda. Nilikuwa nikipima kwa macho sufuria zitakapokaa, ndipo pikipiki ikasimama na kumshusha bwana mmoja mwenye miwani myeusi. Akaizunguka pikapu, akapiga gurudumu teke, akatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba ametoka Mombasa asubuhi ile na anaichukua sasa hivi. Rama akanivuta pembeni.

"Mama, nakuonea huruma. Wewe ndiye uliyetangulia. Toa arbuni hapa hapa, nimfukuze yule. Ila arbuni hairudi, wallahi, hiyo ndiyo sheria ya yadi."

Niliwaona wageni wa Ramisi na masinia yao. Nikafungua zipu ya mkoba.

Wakati huo wifi alikuwa amekwenda kusimama mbele ya yule bwana wa Mombasa. Alisimama tu, mikono imefungwa, akamtazama. Kwetu huku mtu mzima akikungoja namna ile, mdomo hufunguka wenyewe.

"Shikamoo, mama," bwana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Wa Bi Zainabu... wa Mwabungo."

"Mwabungo! Si umetoka Mombasa? Haya, mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Na huyu Rama ni nani wako?"

"Ni bina..." Akalimeza neno, lakini nusu ilikuwa imeshatoka. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyekutwa jikoni mwezi wa Ramadhani.

"Msalimie mama," wifi akamwambia. Yule binamu akaondoka kwa miguu, pikipiki ikimfuata nyuma kudai nauli.

Nikafunga zipu. Mngedhani niligeuka nikarudi nyumbani. Wapi! Nilijiambia kwamba binamu si injini, na gari laweza kuwa zuri hata kama mwenyewe ni mwongo. Nikamwambia Rama, "Nipe ufunguo. Naiendesha hadi Kwale."

"Kwale mbali, mama. Twendeni Diani, barabara laini, mpunge na upepo."

"Diani hakuna mlima. Harusi nyingine ziko mlimani."

Hadi Kombani pikapu ilikwenda kama bibi harusi. Rama alirudisha tabasamu, nami nilianza kuimba kimoyomoyo. Kisha barabara ikainuka kuelekea Kwale. Kwenye kona ya kwanza injini ikaguna. Ya pili, sindano ya joto ikapanda. Kwenye ya tatu mvuke ukatoka chini ya boneti, nikaiegesha kando ya mihogo ya watu.

"Ni jua tu," Rama akasema. Huku akisema, mkono wake ulikwenda nyuma ya siti bila yeye kutazama, ukatoka na dumu la maji lililojaa.

Wifi alilitazama dumu. "Na hilo pia limewekwa na jua?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi. Rama naye akakaa, mbali kidogo, dumu mapajani. Manukato yalikuwa yamekwisha, akabaki kijana mwenye jasho.

"Mama, wallahi, na mimi niliuziwa hivi hivi," akasema taratibu. "Akiba yangu yote ya hotelini. Nikaambiwa ya daktari."

Kicheko kikanikauka. Nilimwonea huruma kwa kweli, kwani nilijua jinsi nilivyokuwa nimekaribia kukaa pale alipokaa.

"Pole, mwanangu," nikasema. "Kwa hiyo ukanitafuta mimi nikutue mzigo?"

Nikamrudishia ufunguo. Tulimwacha akimimina maji, tukapanda Kwale mjini kwa bodaboda, tukala wali kwa maharage ya nazi, tukashuka.

Tulifika Msambweni jua likiwa bado juu. Majirani wakauliza gari liko wapi. "Limechoka njiani," wifi akajibu, "ila mkoba umefika salama."

Nililojifunza ni hili: haraka ya siku ile haikuwa yangu. Muuzaji ndiye aliyeniazima, nikaivaa kama nguo yangu. Na mtu aliyedanganywa si lazima awe mkweli. Wengine hutafuta mgongo wa pili wa kuubeba uongo uleule.

Baadaye muuguzi mmoja wa hapa Msambweni alitaka kuuza gari lake. Nilikwenda alfajiri, injini ikiwa baridi kama mtungi, nikalipandisha Kwale, yeye ameketi nyuma kimya. Tuliporudi akaniambia, "Mlango ule wa nyuma haufunguki kwa ndani. Nimeshindwa nao."

Haufunguki mpaka leo. Nikifika harusini nashuka, nazunguka, nawafungulia akina mama, nao hushuka wakinung'unika. Sina neno. Niliununua nikiujua.