Milamula ya Rugu

Evangelina hana utulivu, hasa siku ya kuni. Tunapika pamoja kwenye shule moja ya bweni hapa Bugene, na mzigo ukiingia tu ameshauvamia. Anakwangua ganda kwa ukucha, anageuza ukuni atazame nyuzi pale ulipokatwa, ananusa. Huu mkaratusi mbichi, rudisha. Huu mgrivelia, unashika upesi lakini maharage hauivishi. Wauza kuni wanamwita mama forodha, naye wala hajali.

Alhamisi iliyopita Cleophace alileta kuni kwa guta. Juu alipanga mkaratusi mkavu, safi kabisa. Evangelina akachimbua chini, akavuta shina moja. Ganda lilikuwa na mapete madogo madogo toka juu mpaka chini, alama za majani yaliyodondoka. Alipolipasua hakukuwa na moyo wa mti, ni nyuzi tupu zenye majimaji.

"Mlamula huu," akasema.

Nilishtuka. Kwetu mlamula ni mti wa mpaka, unapandwa mbele ya mashahidi, na jina lenyewe maana yake mwamuzi. Hakuna anayeupikia. Hata kuwaka hauwaki, unafuka moshi tu.

"Umeutoa wapi?" Evangelina akamuuliza Cleophace.

"Rugu, mama. Kwa mzee Yustus. Anasafisha shamba."

Yustus ni shemeji wa Evangelina, kaka wa marehemu mumewe, Mugisha. Baba mkwe aliwagawia wanawe kibanja, shamba la familia, kwa mstari wa milamula: kahawa na migomba ya huku ya Yustus, ya kule ya Mugisha. Mugisha amezikwa hatua tatu tu kutoka mstari ule. Mstari ukipotea, Evangelina hana shamba, na kaburi la mumewe linakuwa kwa mtu mwingine.

Hakuvua hata aproni. Alichambua milamula yote iliyokuwemo, tisa, akamwamuru Cleophace ageuze guta. Jiko nikamwachia Edith, mpishi mwenzetu, nami nikapanda. Njia nzima Evangelina alihesabu miti ya mstari kwa vidole, akapoteza hesabu, akaanza upya. Mimi nilikuwa nachemka. Mtu mzima anang'oa mpaka wa marehemu, halafu anauuza kuni! Tamaa nyingine haina hata akili.

Tulipofika Rugu, mashimo ya miti iliyong'olewa yalikuwa yamefunikwa kwa majani makavu ya migomba. Evangelina akayafukua kwa mikono. Kumi na mawili. Akaanza kusimika, maana shina la mlamula ukilichomeka ardhini huota tena. Majirani wakasogea. Yustus naye akatoka ndani.

"Shikamoo, shemeji," Evangelina akasema, akiendelea kushindilia udongo.

Hakuitikia. Alimwacha amalize, kisha akacheka. "Tisa tu? Hapa kwenye kaburi hakuna kitu. Mpaka uko wapi?"

Cleophace akainamisha kichwa. Mitatu alishaiuza asubuhi, kwa wapika pombe wa Kayanga.

Machozi yakamtoka Evangelina. Alizunguka kaburi mara moja, mara mbili. Kisha akaingia kwenye shimo lililo karibu na kichwa cha Mugisha, akasimama.

"Mpaka uko hapa," akasema, kisha akanigeukia. "Beata, kamwite mwenyekiti wa kitongoji. Na wewe shemeji, ukitaka kuning'oa, ning'oe watu wakitazama."